Uzoefu wangu wa kufumua na kujenga upya injini ya Honda ATC185S ya mwaka 1982

Kwa miezi minne nimekuwa nikiifumua na kuijenga upya injini ya Honda ATC185S ya mwaka 1982, na ninaandika haya kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili, hasa aliyeko Marekani au Kanada, ambaye ameiona mashine ya namna hii kwenye banda la jirani na anajiuliza kama inafaa kutiliwa fedha. Nitaeleza vitu vitatu nilivyolipia: seti ya vipuri niliyoagiza mtandaoni, hedi (kichwa cha silinda, chenye valvu) iliyotumika, na kazi ya karakana ya kuchonga silinda iliyo mji wa pili kutoka ninapoishi hapa Wisconsin. Kimoja kati ya hivyo kilinisikitisha, na kingeiua injini kwa mara ya pili kama kisingegunduliwa mapema.

ATC185S ni chombo cha magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, kilichotengenezwa kwa ajili ya mashamba, mchanga na theluji, wala si barabara. Honda waliingiza mashine yao ya kwanza ya aina hii, US90, katika soko la Marekani mwaka 1970, baada ya mhandisi wao Osamu Takeuchi kupewa kazi ya kubuni kitu ambacho mawakala wangeweza kukiuza majira ya baridi, wakati pikipiki za kawaida zinabaki dukani. ATC185S haina shokamzoba, kazi ya kumeza mashimo imeachiwa tairi nene zenye upepo mdogo sana. Injini yake ni ya silinda moja, mipigo minne, inayopozwa kwa hewa, yenye gia tano na klachi inayojishika yenyewe, na huwashwa kwa kuvuta kamba. Silinda ina kipenyo cha milimita 63 na pistoni husafiri milimita 57.8, jumla yake ikiwa cc 180. Vipimo hivyo viwili ndivyo vilivyonifanya niinunue, kwa sababu ni vilevile vya Honda XL185S, pikipiki ambayo mjomba wangu aliitengeneza kwa miaka mingi kule Iringa, enzi ambazo mabwana shamba walifika vijijini kwa pikipiki hizo. Injini hizi mbili ni za ukoo mmoja, ingawa si kila kipuri cha moja kinaingia kwenye nyingine.

Niliinunua kwa dola 300. Ilikuwa inawaka, lakini ilitoa moshi wa bluu mfululizo na kugonga upande wa juu kama mtu anayepiga kijiko kwenye sufuria. Kabla ya kufungua bolti hata moja, niliipandisha pistoni hadi juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefunga, nikapuliza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na kusikiliza inatokea wapi. Hewa ikitokea kwenye sailensa, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikirudi kwenye kabureta, ni ile ya kuingizia. Ikipanda kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi za pistoni na silinda zimekwisha. Yangu ilipanda kwenye mdomo wa oili kwa nguvu hata kitambaa nilichokuwa nimefunika kikaruka, huku sailensa ikiwa kimya. Nikaamini kwamba shida yote iko kwenye pistoni, na siku hiyohiyo, bila kufungua wala kupima, nikaagiza seti ya pistoni iliyozidi kipimo cha asili kwa milimita 0.25 pamoja na gasketi zake. Hilo lilikuwa kosa langu, na nitaeleza lilinigharimu nini.

Wiki iliyofuata nilifungua hedi. Msomaji ambaye hajawahi kuifungua injini hii ajue kwamba kemshafti yake, ile shafti inayofungua valvu, haikai kwenye beringi. Inazunguka moja kwa moja ndani ya alumini: nusu ya chini ya kitanda chake imechongwa kwenye hedi, nusu ya juu iko kwenye mfuniko unaobeba roka, mikono inayosukuma valvu, na kati ya chuma na alumini hakuna kingine isipokuwa utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikatika, alumini inalika. Kitanda cha kemshafti yangu kilikuwa na mikwaruzo iliyozunguka pande zote, yenye kina kiasi kwamba ukucha ulikwama nilipoupitisha, na kemshafti yenyewe ilicheza juu na chini niliposhika ncha yake. Ule mlio wa kijiko na sufuria ulitoka hapo.

Jioni ile nilimpigia mjomba kwa simu ya video.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hebu ishike hiyo hedi uigeuzie kwenye mwanga. Zaidi. Hapo, kwenye tundu la oili, pana nini?"

Palikuwa na kipande cha silikoni nyekundu, ukubwa wa punje ya mchele, kimelala mdomoni mwa tundu. Kati ya hedi na mfuniko wake hapawekwi gasketi ya karatasi. Hupakwa gundi nyembamba ya kuzuia oili, na fundi aliyenitangulia alikuwa ameipaka kama anayesiliba ukuta. Ilipobanwa, iliyozidi ilijisukuma ndani, na kipande kimoja kikasafiri hadi kwenye njia ya oili. Mjomba hakuzungumzia pistoni hata kidogo. Aliniambia nisifunge kitu chochote kabla sijahakikisha kwa macho yangu kwamba oili inapanda kutoka chini hadi juu, kwa maana ukiweka hedi mpya juu ya njia iliyoziba, utairudia kazi hiyohiyo baada ya mwezi.

Tangu siku hiyo kila kipuri na kila fundi nilimpima kwa swali hilo moja, kwamba je, oili itafika juu?

Karakana ya kuchonga ni ya mzee mmoja anayefanya kazi peke yake, wateja wake wengi wakiwa watu wa pikipiki za theluji. Nilipomfikishia silinda na kumwomba aichonge kwa milimita 0.25, alikataa kuigusa mpaka aione pistoni, akaeleza kwamba pistoni mbili zilizoandikwa kipimo kimoja zinaweza kutofautiana, na kwamba yeye huchonga tundu kulingana na pistoni iliyo mezani, hachongi kulingana na maandishi ya boksi. Kisha aliipima silinda mbele yangu mara sita, juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili zinazokatana, akiandika kwa chaki kwenye ubao. Karibu na juu, mahali ringi zinapogeuzia, alipata 63.14, chini alipata 63.05. Tundu lilikuwa limepanuka juu kama faneli, na lilikuwa na mkwaruzo mmoja ambao 0.25 isingeufuta. Alipendekeza 0.50, yaani kipenyo cha 63.50, ambacho kinaifikisha injini kwenye cc 183. Pistoni niliyokuwa nimeiagiza kwa haraka haikuwa na kazi tena.

Nilipofika na seti ile aliniomba pia gasketi ya chini ya silinda, akailaza juu ya silinda na kuinyoosha kwa kidole. Tundu la oili la gasketi na tundu la oili la silinda havikukutana. Karibu nusu ya njia ilikuwa imefunikwa na karatasi. Nilisimama pale nikiikumbuka ile punje ya silikoni. Ningeifunga gasketi ile bila kuitazama, hedi niliyokuwa ninaitafuta ingeanza kulika siku ya kwanza, na ningemlaumu kila mtu isipokuwa karatasi. Niliinunua kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye maelezo yake yalisema inafaa ATC185S moja kwa moja. Nilimtumia picha. Alikubali kurudisha fedha za pistoni, baada ya wiki tano na barua nyingi, lakini za gasketi alikataa kwa hoja kwamba pakiti imefunguliwa, ingawa sijui mtu angewezaje kuona kasoro ile bila kuifungua. Siwezi kuipendekeza seti hiyo kwa mtu yeyote. Badala yake nilinunua gasketi halisi za Honda zilizobaki kwenye stoo ya duka moja la zamani, kwa dola 45, na pistoni ya 0.50 kwa muuzaji mwingine, kwa dola 62.

Vipuri halisi ni adimu kwa sababu inayoeleweka. Mwishoni mwa mwaka 1987 serikali ya Marekani na watengenezaji wakubwa walifikia makubaliano, yakaidhinishwa na mahakama mwaka 1988, ya kusitisha uuzaji wa mashine mpya za magurudumu matatu za aina hii, kutokana na idadi ya watu waliokuwa wakiumia na kufa, wengi wao watoto. Sheria ya mwaka 2008 ikafunga mlango huo. Anayeijenga upya leo anategemea masalia ya stoo, vipuri vya kuiga, na mashine zilizokufa.

Hedi yangu ilitoka kwenye mashine ya namna hiyo. Niliipata kwa dola 110, ikiwa na mfuniko wake wa asili, na sharti hilo la mfuniko nisingelilegeza hata kwa nusu ya bei, kwa kuwa hedi na mfuniko huchongwa pamoja. Ukichanganya hedi ya hapa na mfuniko wa kule, duara la kitanda cha kemshafti haliwi duara tena. Valvu nilizisaga mwenyewe kwa mkono. Nilizijaribu kwa kumimina mafuta ya taa kwenye njia zake na kuziacha usiku kucha. Asubuhi hapakuwa na hata tone upande wa pili.

Silinda ilirudi baada ya siku tisa, kwa dola 80. Kazi ilikuwa safi sana: nafasi kati ya pistoni na ukuta ilikuwa milimita 0.04, na ukuta mzima ulikuwa na mistari myembamba ya kupishana, ile inayoshika oili wakati ringi zinajizoesha. Lawama yangu kwa mzee ni moja tu, kwamba hapokei simu, na mtu anayesafiri kutoka mbali anaweza kukuta mlango umefungwa. Aliponikabidhi aliniagiza niioshe kwa maji ya moto na sabuni, nisitumie petroli, kwa sababu petroli huacha unga wa mawe ya kusugulia ndani ya ile mistari. Nilidhani imeshasafishwa. Nilipoisugua kwa brashi na sabuni ya vyombo na kuipangusa kwa kitambaa cheupe, kitambaa kilitoka na rangi ya kijivu, na ilinichukua maosho matano hadi kikatoka cheupe. Papo hapo nikaipaka oili, maana chuma kilichooshwa namna hiyo huanza kutu kabla hujamaliza kukausha mikono.

Kufunga kulikwenda vizuri. Ringi niliziingiza kwanza peke yake ndani ya silinda na kupima nafasi ya ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, nikapata 0.20, kisha nikazivisha pistoni zikiwa na maandishi juu na midomo yake ikitazama pande tofauti. Mnyororo wa taimingi niliweka mpya. Gundi ya mfuniko niliipaka kwa ncha ya kijiti, nyembamba kama wino, nikiiweka mbali na tundu la oili kwa upana wa kidole.

Halafu nikafanya alichoagiza mjomba. Nilijaza oili, nikamwagia kemshafti oili ya kutosha kwa mkono, nikaiacha plagi nje, nikafungua kifuniko kidogo cha kurekebishia valvu ya kutolea moshi, nikaanza kuvuta kamba. Kwa mivuto ishirini ya kwanza hapakutokea kitu zaidi ya kile nilichomwaga mwenyewe. Bega lilianza kuuma. Kwenye mvuto wa thelathini na kitu oili ilijitokeza pembeni ya roka, kwanza kama jasho, kisha ikatiririka na kujaa kwenye kibonde kilicho chini yake. Nilivuta mara kumi zaidi nikiitazama tu. Ndipo nilipoirudisha plagi, na injini ikawaka kwenye mvuto wa nne, bila ule mlio.

Ukiondoa bei ya mashine, nimetumia dola 355, zikiwamo 28 za gasketi nilizozitupa na 30 za mnyororo. Kwa karakana ile ningelipa tena bila kusita. Kwa mashine yenyewe ninatoa tahadhari ya dhati: anayeijua bajaji asidhani ameijua hii. Ekseli ya nyuma haina difu, gia inayoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona, kwa hiyo magurudumu mawili yanazunguka kama kitu kimoja, na kwenye kona ni mwili wa dereva unaoigeuza. Anayeshusha mguu kujizuia, kama tulivyozoea kwenye pikipiki, hukuta gurudumu la nyuma limempanda. Naiendesha kwa kofia ngumu na buti, polepole, na watoto wangu hawaipandi.

Baada ya saa tano za kazi nyepesi nilimwaga oili na kutoa chujio lake la wavu. Palikuwa na vumbi kidogo la chuma cha ringi, linalotarajiwa, na hapakuwa na alumini. Nilirekebisha valvu upya, na nitamwaga oili tena ikifika saa ya ishirini. Springi ya kamba ya kuwashia bado inarudi kwa uvivu, na sili ya shafti ya gia inadondosha tone moja au mawili kila inapolala usiku.