Klipu ya cheni, na kijana aliyeniambia nipande tuktuk

Klipu yenyewe, ile inayofungia kiungo cha cheni ya pikipiki, haizidi ukucha wa kidole changu cha mwisho. Hiyo ndiyo iliyoniacha juani njia ya Marafa, mtu mzima wa miaka 60 na ushei, helmeti mkononi kama bakuli la mwombaji. Kwa hiyo mkiniuliza kuhusu lile duka la pikipiki hapa Malindi, jibu langu ni moja: msiende. Jina silitaji.

Na mjue mimi si mgeni wa pikipiki. Miaka ya 1980 nilikuwa bwana shamba upande wa Magarini, nikipanda Yamaha DT ya idara, ile ya moshi wa buluu na mlio wa nyuki aliyekasirika. Mto Sabaki nimeuvuka nayo masika na kiangazi, miche ya mikorosho nimeifunga nyuma. Baadaye nikaingizwa ofisini, watoto wakaja, karo ikaja, nikawa mtu wa matatu kama watu wengine. Ile raha ikafa bila hata matanga.

Nilipostaafu mke wangu akasema tufuge kuku. Tukafuga. Kideri kikawamaliza wote. Pesa iliyobaki nikaenda nayo dukani kimyakimya, nikanunua pikipiki ya mkono wa pili, ya kupiga kiki, cheni yake iko wazi kama za zamani. Siku hiyo yule kijana wa kaunta alikuwa asali. "Karibu mzee wangu, kaa hapa penye feni. Hii tumeifanyia sevisi kamili, cheni mpya, spoketi mpya." Soda nikapewa. Nikaipiga picha kwa simu kila upande, kama bwana harusi.

Wiki kama mbili hivi baadaye, Jumamosi moja, nikatoka baada ya swala ya alfajiri. Mnajua, mikono ilikumbuka gia kabla yangu mimi. Nilikuwa bado nafikiria, mguu ushaingiza ya tatu. Pale daraja la Sabaki mto ulikuwa mwekundu wa udongo, ule ule unaoichafua bahari yetu mpaka wageni wanauliza kuna nini, na baridi ya maji ikaniingia kwenye mikono ya shati. Nikasikia mtu anacheka. Kumbe ni mimi, ndani ya helmeti. Machozi yakanitoka, nikayasingizia upepo.

Nikakata kushoto kwenda Marafa, nikafika Nyari, lile korongo la Marafa, nikasimama ukingoni kuyatazama yale magenge mekundu na meupe. Wazee wa huko husema hapo palikuwa na mji wa matajiri waliokuwa wakioga maziwa, Mungu akawadidimiza. Bondeni sikushuka. Magoti haya nayahitaji kwa kiki.

Kurudi sasa. Jua la saa sita, barabara ya vumbi, mbele mbuyu mmoja tu. Nikasikia *tak!* Injini ikapiga kelele, pikipiki haiendi. Nikatazama nyuma, cheni imelala barabarani kama nyoka aliyekanyagwa. Nikaifuata kwa miguu, nikaiokota, vidole vyote grisi. Klipu ya kufungia hakuna. Kile kibati cha pembeni nacho hakuna. Nilipiga magoti mavumbini kukitafuta, mimi niliyewahi kupokewa kwa madafu katika vijiji hivyo hivyo.

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda aliyebeba magunia matatu ya makaa. Hakusema mengi. Akatoa kiungo kikuukuu mfukoni, akakifunga kwa waya wa kujengea, akakaza kwa koleo. "Babu, nenda pole pole, usikate moto mpaka mjini." Pesa akakataa. Nilimtilia mfukoni kwa nguvu.

Usiku nikazifungua zile picha, nikaikuza moja. Naapa sikulala. Klipu imevalishwa kinyume! Upande wa juu wa cheni, mdomo wake, yaani upande ulio wazi, unaangalia mbele. Kila fundi anajua mgongo uliofungwa ndio utangulie cheni inakokwenda na mdomo ubaki nyuma. Ukigeuza, chochote kikiugusa ule mdomo kinaisukuma klipu itoke. Hili tulifundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa breki.

Jumatatu nikaenda na picha. Yule asali wangu hakuinua macho kwenye simu yake. Nikaeleza. Akaitazama picha kwa jicho la kando, akasema, mbele ya wateja: "Mzee, hizi ni za vijana. Umri wako ni wa tuktuk, tena ukae nyuma." Wakacheka. Hata mke wangu, aliyepinga pikipiki tangu mwanzo, nilipomsimulia alinyamaza, kisha akauliza, "Kijana wa nani huyo?"

Labda ninawaonea kidogo. Injini tangu siku hiyo haijanisumbua, breki inashika, na bila wao ile asubuhi ya darajani nisingeipata. Nami pia nilitakiwa kuinama kuikagua klipu kabla ya safari. Sikuinama; kiuno. Kama wangesema samahani tu, ningewasifu hapa mpaka mchoke kusoma. Kosa la fundi nalisamehe. Lakini tuktuk! Nikiikumbuka ile tuktuk narudi pale pale: msiende.

Shida ni kwamba tairi la nyuma limekwisha, na saizi yake mjini wanayo wao peke yao. Nitamtuma mjukuu. Mimi nitamngojea ng'ambo ya barabara, juu ya pikipiki, moto nisiuzime.