Kivumishi na kirai kielezi katika Kiingereza

Kivumishi cha Kiingereza hakijui ngeli wala wingi: red car, red cars. Hapo ni mteremko. Kasheshe ni nafasi yake. Kwa kawaida hutangulia nomino, na vikiwa vingi vina foleni: maoni, ukubwa, umri, rangi. Kwa hiyo a lovely small old box. Ukianza na old, msikilizaji atakunja uso hata kama hajui kanuni yenyewe.

Kirai kielezi, yaani kikundi cha maneno kinachofanya kazi ya kielezi, kina uhuru zaidi. Hueleza lini, wapi au vipi, na unaweza kusema she reads in the evening au in the evening she reads.

Tatizo ni pale kirai kimoja kinapoweza kufanya kazi zote mbili. She watched the man with binoculars: darubini ni ya nani? Ikiwa ni ya mwanamume, kirai kinafanya kazi ya kivumishi. Ikiwa ameitumia mwanamke kutazamia, ni kielezi. Mimi hukihamishia mwanzoni: With binoculars, she watched the man. Sasa darubini anayo mwanamke. Kivumishi hakikupi ujanja huo.