Setirizini kwa fundi wa nguo: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani karibu na Biashara Street, Mombasa, na mwenye kuujua mtaa ule anajua vile majora ya kitambaa yanavyoweka vumbi. Ukilifungua jora lililokaa stoo, mwanga wa mlangoni unakuonyesha chembe zikipepea juu ya meza. Hapo pua yangu inaanza kuwasha, macho yanachuruzika, nakwenda chafya mfululizo mpaka mkasi nauweka chini. Wateja walidhani ni mafua. Lakini homa sina, mwili hauumi, na nikikaa mbali na duka hali inatulia. Daktari alisema ni mzio, na mshukiwa mkubwa ni utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo joto na unyevu wa Mombasa huvifaa sana.

Dawa tuliyoizoea nyumbani ni klofeniramini, ile tembe ndogo ya manjano. Chafya inazikata, hilo sikatai. Shida ni kwamba ni dawa ya mzio ya kizazi cha kwanza, yaani zile za zamani, inapenya hadi kwenye ubongo, na usingizi wake ni mzito. Mguu uko kwenye pedali, sindano inakimbia, kichwa kinainama. Mdomo nao unakauka. Tena nguvu yake haidumu, baada ya saa nne hadi sita unatakiwa umeze nyingine. Kwa anayeshika mashine au usukani, mimi siishauri kabisa.

Mfamasia ndiye aliyenielekeza kwenye setirizini, dawa ya mzio ya kizazi cha pili isiyoleta usingizi sana, ya miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku. Alinieleza hivi: mwili wenye mzio ukikutana na vumbi, seli za kinga zilizo puani humwaga kemikali iitwayo histamini. Histamini ikishafika kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, ndipo unawashwa, kamasi inatiririka, macho yanakuwa mekundu. Dawa haiiondoi histamini. Inawahi kukalia vipokezi vile, kama abiria aliyewahi kiti cha matatu, na histamini ikija inakuta pamejaa.

"Kwa hivyo mama, usingoje chafya zianze," akaniambia. "Ukijua kesho unafungua majora, meza mapema."

Ushauri huo ndio ulioleta tofauti. Nikimeza usiku, asubuhi nakata kitambaa bila kushika leso puani. Na msimu wangu mgumu ni Ramadhani, watu wanapotaka nguo za Idi na duka linajaa vitambaa. Dawa ya kumezwa kila baada ya saa chache ingenitatiza na funga. Hii inafanya kazi karibu saa 24, namaliza nayo baada ya futari.

Kasoro ipo. Pua ikiwa imeziba kabisa, setirizini haisaidii sana. Hapo daktari aliniongezea dawa ya steroidi ya kupuliza puani, ambayo inataka subira ya siku kadhaa kabla hujaona nafuu kamili. Pia wapo watu ambao hata setirizini huwapa usingizi, kwa hivyo mara ya kwanza imeze siku ambayo huna kazi ya hatari, na usiichanganye na pombe. Mwenye ugonjwa wa figo aseme kabla ya kuuziwa, maana huenda akapunguziwa kipimo. Mtoto mdogo asipewe kidonge cha mtu mzima.

Jambo moja naomba lishikwe vizuri. Mtu akila kamba au akiumwa na nyuki, kisha ulimi na koo vikavimba na pumzi ikabana, msikae kumsubirisha na kidonge cha mzio. Anahitaji sindano ya adrenalini, upesi, hospitalini.

Mimi naendelea na setirizini. Sasa nasubiri kipimo cha mzio cha kuchomwa kwenye ngozi, na nimeambiwa niiache siku kadhaa kabla, kwa sababu ikiwa bado mwilini ngozi haitavimba hata kama mzio upo.