Fundi viatu wa Darajani aliyezifufua glavu zangu

Glavu zangu za mazoezi ya ngumi, za aunsi 14, zilifumuka mshono wa dole gumba wiki ya tano tangu nizinunue. Nilitoa shilingi 95,000 kwenye duka moja la vifaa vya michezo, sitolitaja, na muuzaji akanihakikishia kwamba ni ngozi tupu. Niliporudi nazo nikaambiwa kitu kishatumika hakirudishwi. Pambano lilikuwa limebaki siku kumi na tisa.

Mwenzangu wa mazoezi ndiye aliyenielekeza: ukitokea soko la Darajani kama unaingia Mkunazini, kuna mzee anashona viatu barazani, ana kisanduku cha mbao na redio ndogo. Nikamwamkia, akaitikia, akazipokea. Hakuniuliza mwanamke na ngumi wapi na wapi, suali ninaloulizwa tangu 2016 nilipoanza. Alitia mkono ndani, akapekecha, akanusa.

"Mwanangu, hii si ngozi. Na umezianika juani."

Kweli nilizianika juani, juu ya bati. Akachukua msharasi akaufumua mshono wote, taratibu, bila kuuchana. Ndani ikatoka sponji ya njano, ile ya magodoro, vipande vitatu vimelazwa tu bila kubanwa. Sehemu ya vifundo vya vidole ilikuwa imelala bapa. Akaibonyeza kwa kidole, ikabonyea, haikurudi.

Hapo nilinyamaza, maana nilimkumbuka msichana ninayefanya naye sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi. Ana miaka kumi na tisa, yuko kwenye ngumi za ridhaa, na wiki ile alikwenda kwao jicho limevimba. Nilidhani hakuinua mkono kwa wakati. Kumbe nilikuwa nampiga kwa mifupa mitupu. Sisi wanawake tunaopanda ulingoni hapa Unguja tunahesabika, na akiumia yule sina wa kujipima naye. Lakini hata wangekuwa mia, yule ni mdogo wangu.

Wanaonunua glavu waelewe jambo hili. Kwenye ridhaa mwanamke anavaa kofia ya kinga na glavu za aunsi 10, anapigana raundi tatu za dakika tatu, na kwenye mashindano unaweza kupanda leo na ukapanda tena keshokutwa. Unahesabu pointi, unagusa na kutoka. Kwenye ngumi za kulipwa kofia hakuna, na kwa uzito wangu wa kilo 57 glavu ni za aunsi 8, kama gramu 227 tu kila mkono. Raundi zetu wanawake kwa kawaida ni za dakika mbili, nne kwa anayeanza, hadi kumi kwenye mkanda wa ubingwa. Watu husikia dakika mbili wakadhani ni nafuu. Si nafuu hata kidogo. Hakuna muda wa kumsoma mtu, kengele ikilia ni ngumi. Pambano langu la kwanza la kulipwa lilikuwa raundi nne, yaani dakika nane, moja pungufu ya zile tisa za ridhaa, na nilishuka nimechoka kuliko siku yoyote ya nyuma. Mikono inayokwenda kupigana na glavu nyembamba vile lazima ilindwe mazoezini. Ndiyo maana ya aunsi 14. Ukitiwa sponji ya godoro umeuziwa uzito wa bure.

Mzee hakuirudisha sponji ile. Alikata raba ya ndani ya viatu chakavu vya mazoezi, ile inayorudi ukiibonyeza, akaipanga matabaka mawili, ngumu juu, laini upande wa mkono. Uzi wa nailoni akaupitisha kwenye nta kabla ya kila mshono, akashona mistari miwili pale palipokuwa na mmoja. Dole gumba akalifunga kwenye kiganja kwa kipande cha ngozi ya kweli, lisije likamwingia mtu jichoni. Nilikaa nikamtazama karibu saa nzima. Akanisimulia kwamba babake akizipenda ngumi, enzi za kabla ya 1964, kabla hazijapigwa marufuku huku kwetu. Ziliporuhusiwa tena 2022, alisema, alitamani babake awe hai.

Nami nikamwambia yangu: kwamba ridhaa yote nilichezea Dar es Salaam, kwa shangazi, kwa sababu kwetu hapakuwa na ulingo. Kwamba mwaka ule wa 2016 Fatuma Zarika wa Kenya alikwenda Marekani akarudi na mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC, Baraza la Ngumi la Dunia, na mimi picha yake niliiweka kwenye simu. Kwamba hadi 2019, shirikisho la dunia la ridhaa liliporuhusu hijabu, kila nikipanda nilivua ushungi na moyo ukiniuma. Alisikiliza bila kuinua macho kwenye sindano.

Bei ilikuwa shilingi 18,000 kwa jozi. Aliniahidi Alkhamisi, nikazipata Jumamosi, na simu hana, kwa hiyo nilikwenda bure mara mbili kwa daladala kutoka Bububu. Fundo moja la uzi lilibaki upande wa kidole kidogo, likanichubua mpaka nikabandika plasta. Mkanda wa kunata wa kufungia glavu hanao, ununue mwenyewe uende nao. Hayo ndiyo makosa yake, sina jengine.

Sasa ni mwezi wa saba tangu anishonee. Mshono haujalegea, raba haijalala. Kuhusu harufu na ukungu, maana hewa yetu ya bahari haina huruma, alinifundisha kutia karafuu kavu kwenye soksi nyembamba na kuiacha ndani ya glavu usiku, na kuanika kivulini penye upepo. Bibi yangu wa Wete ananiletea karafuu. Glavu zangu zinanukia vizuri kuliko begi.

Msimpelekee glavu za pambano. Zile za kulipwa huletwa na promota, hukaguliwa, na iliyoshonwa upya haipiti. Kwa mazoezi, nendeni kwake bila wasiwasi, hasa mnaofundisha watoto: mpelekeeni zote mlizonazo azipapase. Nilimpelekea na za yule msichana, akazikuta salama, hakutaka hata shilingi.

Anakaa asubuhi hadi adhuhuri, akirudi ni baada ya alasiri. Ijumaa anafunga mapema. Na zikaushe kwanza, ukimpelekea zimelowa jasho anakurudisha nazo.