Kifuniko cha Kizimba cha Kasuku Katika Nyumba ya Ghorofa: Uzoefu Wangu Kisumu

Kifuniko ninachokieleza hapa ni kile cha kitambaa kizito cheusi kinachovishwa kizimba cha ndege usiku, nami nimekitumia tangu mvua za vuli zilipoanza, katika nyumba ya vyumba viwili iliyo ghorofa ya tatu mtaani Migosi, Kisumu. Muuzaji niliyemwagizia mtandaoni alikisifu kwa mambo mawili: kwamba hakipenyezi mwanga, na kwamba huzuia kelele za ndege zisiwafikie majirani. Sifa ya kwanza ni ya kweli kabisa. Ya pili si ya kweli kwa namna alivyoieleza, ingawa kelele nyumbani kwangu zimepungua sana tangu nikinunue, na jambo hilo linahitaji kuelezwa taratibu kwa yeyote anayefikiria kutoa pesa zake.

Ndege mwenyewe ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye mjomba wangu aliniachia alipohama mji, na ambaye nilimshughulikia kibali kwa jina langu kabla hajavuka kizingiti cha mlango wangu. Majirani wamempa jina la Okinyi, neno la Kijaluo lenye maana ya asubuhi, na mtu wa Kisumu hahitaji kuelezwa sababu. Chini yangu anaishi muuguzi wa Russia, kama wengi wetu tunavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambaye katika wiki za zamu ya usiku hulala mchana. Ng'ambo ya ukuta wa sebule kuna familia yenye mtoto mchanga. Keyateka, yaani mtunzaji wa jengo, alikuwa amekwisha kunijia mlangoni kuhusu kelele, kwa adabu zote, lakini ilikuwa wazi kwamba subira ya watu waliomtuma ilikuwa inaelekea ukingoni.

Kasuku wa porini huishi kwa makundi, na kunapopambazuka huitana kwa nguvu kabla ya kutawanyika kwenda kutafuta chakula, kisha huitana tena jioni wanaporejea kwenye miti yao ya kulala. Aliyefugwa hajaisahau saa hiyo, ila kundi lake sasa ni mimi, na mti wake ni kizimba kilicho sebuleni. Kwa hiyo hupiga kelele asubuhi kulipokucha, hupiga jua linapozama, na katikati ya siku hupiga kila ninapotoka chumbani asijue nimekwenda wapi. Juu ya hayo yote huiga. Okinyi ameumudu mlio wa mita ya umeme inapokaribia kuishiwa na tokeni, tena kwa ustadi ambao ulimfanya jirani awe anatoka kukagua mita yake na kukuta bado ana yuniti za kutosha.

Kifuniko kilinigharimu shilingi 3,400 pamoja na usafirishaji. Kimeshonwa kwa tabaka mbili, la nje zito kama pazia la ukumbi na la ndani laini, kina zipu mbili mbele na kinafika hadi miguu ya kizimba. Ushonaji wake sina la kuulalamikia. Vipimo vilivyotajwa vilikuwa sahihi, jambo ambalo wanunuzi wa mtandaoni wanajua kuwa si la kawaida, na ukikifunga unaweza kuwasha taa ya sebule bila mwale hata mmoja kuingia ndani.

Kuhusu sauti, nilitumia programu ya simu ya kupimia kelele, nikisimama kwenye ngazi nje ya mlango huku ndege akiita ndani, kwanza bila kifuniko na kisha akiwa amefunikwa. Programu kama hiyo si kipimo kinachoweza kupelekwa mbele ya ofisa, lakini kwa kulinganisha sauti mbili inatosha, na tofauti niliyoipata ilikuwa ya desibeli tatu au nne hivi. Sikio la mtu huitambua kwa shida tofauti ya kiasi hicho. Ili sauti isikike kana kwamba imepungua kwa nusu, inabidi ishuke kwa takriban desibeli kumi. Sababu si ngumu kuielewa. Sauti huzuiwa na kitu kizito kisicho na upenyo, na nguo, hata iwe nzito namna gani, ni nyepesi mno ikilinganishwa na ukuta wa matofali. Isitoshe, nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa yasiyofungika juu ya madirisha, na mlango wa mbele huachwa na mwanya chini ambao kidole hupita. Kelele hupitia huko. Niliposogeza kizimba kutoka dirishani hadi kwenye ukuta wa ndani unaopakana na jiko langu mwenyewe, nikaweka mpira wa kuziba mwanya wa mlango ulionigharimu chini ya shilingi 500, kipimo kwenye ngazi kilishuka zaidi kuliko kilivyoshuka kwa kifuniko. Niliongeza pia zile sponji zenye vinundu ambazo watu hubandika kwenye vyumba vya kurekodia. Hizo hupunguza mwangwi ndani ya chumba, na kweli masikio yangu yalipata nafuu, lakini jirani hakupata chochote, na sitazipigia debe.

Kwa nini basi nasema kelele zimepungua? Zimepungua kwa sababu ya usingizi. Kasuku anahitaji saa kumi hadi kumi na mbili za kulala kwenye giza na utulivu. Huku kwetu karibu na ikweta usiku wenyewe huwa wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo ndege wa msituni hupata haki yake bila kuiomba. Katika nyumba ya ghorofa hali ni nyingine: taa huwaka hadi saa tano, televisheni haizimwi kabla ya taarifa ya habari na mchezo wa kuigiza unaofuata, taa za usalama za ua humulika hadi alfajiri, na ndege anayelala saa sita kwa siku huamka na hasira ya mtoto aliyenyimwa kulala, akapiga mayowe kwa jambo ambalo siku nyingine angelipuuza. Sasa ninamfunika saa moja na nusu usiku na kumfunua saa moja na nusu asubuhi. Kwa kuwa ndani ya kizimba bado ni giza kunapopambazuka, mwito wake wa alfajiri, ambao ndio uliokuwa ukimwamsha mtoto wa jirani, umesogea hadi saa ambayo jengo zima limekwisha kuamka, na hata kwarara wanaopita juu ya paa wakipiga kelele zao hawamchokozi tena kama zamani. Badiliko hilo halikuja usiku mmoja. Lilichukua wiki kadhaa, lakini lilipokuja lilidumu, na kwa hilo peke yake kifuniko kimestahili bei yake.

Kasoro zake ni za kweli, na muuzaji hakutaja hata moja. Kubwa zaidi ni joto. Kisumu si Limuru, na kuanzia Januari hadi mvua za masika, kizimba kilichofungwa pande zote kwa tabaka mbili za nguo nyeusi huwa kama tanuri. Niliingiza mkono usiku mmoja nikaona hewa imevunda, na tangu hapo huacha upande wa nyuma, unaotazama ukuta, wazi kuanzia chini hadi juu. Mwanga hauingii huko, na hewa inapita. Ya pili ni vumbi. Kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe mwingi kutoka kwenye manyoya yake, unga huo hukaa kwenye tabaka la ndani, na mwenye pumu nyumbani anapaswa kujua kwamba nguo hiyo itahitaji kufuliwa kila wiki. Ya tatu ni harufu ya rangi ya kiwandani, ambayo ilinilazimu kukianika kwenye roshani kwa siku kadhaa kabla ya kukitumia, maana mapafu ya ndege hayavumilii mivuke: ndiyo sababu vidonge vya nondo kabatini, jiko la makaa na kikaangio kisichoshika chakula kikiachwa kiungue vyote vinaweza kumuua ndege aliye katika nyumba hiyohiyo. Ya nne ni nyuzi. Baada ya muda Okinyi aliuvuta ukingo wa chini ndani kupitia vyuma na kuanza kuuchambua, na uzi unaweza kumfunga kucha au ukamezwa ukaziba gole, yaani mfuko wa chakula shingoni mwake. Niliukata ukingo huo na kuupinda upya.

Jambo ambalo kifuniko hakiwezi, wala hakipaswi kujaribiwa kwalo, ni kelele za mchana. Nimesikia watu wakishauri kwamba ndege anapopiga mayowe afunikwe ghafla ili ajifunze adabu. Huko ni kumtia gizani kiumbe ambaye anakuita kwa sababu hakuoni, na matokeo yake ni ndege mwenye woga anayejinyonyoa manyoya. Mimi huwa simfuniki saa za mchana hata muuguzi anapokuwa amelala, na kwa bahati nzuri hakuna haja tena, kwa sababu kelele za mchana nyingi huwa ni za kukosa kazi. Ndege huyu ana mdomo ulioumbwa kuvunja kokwa ngumu, na akiwekewa bakuli la mbegu za alizeti atamaliza kula kwa dakika chache na kubaki na siku nzima mikononi. Chakula chake sasa nakificha. Gunzi la mahindi nalitoboa na kupachika vipande vya karanga. Majani ya sukuma wiki nayasokota kwenye vyuma. Boga, karoti na kiazi kitamu nakifunga ndani ya maganda ya mahindi kwa kamba ya katani. Na tawi la mpera, likiwa na magome yake, humpa kazi ya asubuhi nzima. Pilipili mbichi hula kama peremende, kwa kuwa ndege hawausikii ukali wake. Parachichi haliingii kizimbani kabisa, kwani ni sumu kwao, na vilevile chokoleti. Vifaa hivi vya kazi havinigharimu karibu chochote, ilhali vile vya plastiki vinavyouzwa pamoja na kifuniko kwa shilingi 1,200 alivivunja vyote akavichoka.

Pamoja na hayo kuna suala la kumjibu. Kila nilipokuwa nikimpigia kelele anyamaze, yeye alikuwa akipata alichotaka, yaani sauti ya mwenzake kutoka chumba cha pili. Nilichagua mluzi mmoja mfupi, nikawa namjibu kwa mluzi huo pindi anapoita kwa sauti ya kiasi, na kunyamaza kabisa anapopiga mayowe. Mwanzoni mayowe yaliongezeka, na anayekusudia kufanya hivyo awaarifu majirani mapema, maana ni siku hizo ambazo wengi hukata tamaa. Baadaye alianza kutumia mluzi, na siku hizi tunapigiana miluzi kati ya jikoni na sebuleni bila mtu wa ghorofa ya chini kujua.

Kwa anayeishi katika nyumba ya kupanga, inafaa pia ajue anaposimama kisheria. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za kudhibiti kelele za mwaka 2009 huweka kikomo cha desibeli 50 nje katika maeneo ya makazi mchana na 35 usiku, na usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza baada ya saa mbili na kumalizika saa kumi na mbili asubuhi. Kasuku mmoja mwenye afya huvuka mipaka hiyo bila jasho. Njia ya mkato ya kumuuza kwa mtu wa kwanza anayejitokeza haipo, kwani kumfuga au kumhamisha bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliotolewa porini ilipigwa marufuku na nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, katika mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016. Hapa Kenya makazi yao ya asili yalikuwa Msitu wa Kakamega, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, na kuwaona huko leo ni nadra mno. Kwa hiyo yeyote anayesoma haya akitafuta kifuniko kwa sababu anapanga kununua kasuku wa kuweka ghorofani, ushauri wangu ni kwamba asinunue ndege.

Kifuniko nakipa nyota tatu kati ya tano: tano kwa giza, moja kwa sauti, na joto nalo likanizuia kuongeza. Kikichakaa sitaagiza kingine kama hicho. Fundi cherehani mmoja wa soko la Kibuye amekwisha kunipimia kizimba na kusema anaweza kushona kwa kitambaa cha pazia kisichopenyeza mwanga, tabaka moja, mgongo wa wavu na mapindo mapana yasiyofumuka, kwa shilingi 1,500, kitambaa nikinunua mwenyewe.