Udvar-Hazy Center, Virginia: nendeni mkaione ndege ya Betty Skelton

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke: nyota tano, nendeni. Nawaambia hasa nyie mlioko Maryland, Virginia na DC, na wale mnaounganisha ndege Dulles mkajikuta mna masaa sita ya kukalia viti vya uwanja, maana makumbusho haya ni pua na mdomo na Dulles. Ni tawi la lile jumba la ndege la Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa la Marekani, lililoko katikati ya DC, hili la huku Chantilly lilifunguliwa Desemba 2003 na lenyewe ni banda la ndege haswa, kubwa mno, ndege nyingine zimepangwa chini na nyingine zimetundikwa juu tabaka kwa tabaka.

Najua watu wakifika wanakimbilia wapi. Discovery, ile chombo cha anga za juu kabisa, ipo, na bado ina alama za kuungua za kurudi duniani. Concorde ipo, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti. SR-71 ipo, ndege ya upelelezi, nyeusi tii, watu wanaipiga picha kweli. Sawa, zote mtaziona, haziendi popote. Mi ninachoomba ni kwamba ukishaingia mlangoni, kabla hujafika kwenye ukumbi wenyewe, usimame kidogo uinue kichwa. Kuna kindege chekundu na cheupe, mabawa mawili mawili, kimetundikwa kimepinduliwa, matairi yanaangalia dari na kiti cha rubani kinaangalia sakafu. Watu wanapita chini yake wanasukuma mastrola ya watoto hata hawajui. Hicho ndo Little Stinker, Pitts Special S-1C, ya Betty Skelton, rubani wa sarakasi za angani, na ndo Pitts ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani, Curtis Pitts aliiunda mwaka 1946.

Huyu dada alizaliwa 1926 Pensacola, Florida, jirani na kambi ya marubani wa jeshi la maji la Marekani, akakua anawaangalia wakipita juu ya nyumba yao. Akiwa na miaka 12 alisharusha ndege peke yake, kisirisiri, maana sheria ilikuwa inataka miaka 16, alipofika 16 akarusha tena safari hii kihalali. Kilichofuata ndo kinaniuma. Vita vya Pili vinaendelea, kuna kikosi cha marubani wanawake kinaitwa WASP, umri wa kuingia miaka 18 na nusu, kikavunjwa Desemba 1944 kabla hajaufikia. Jeshi la maji halitaki rubani mwanamke. Mashirika ya ndege nayo hayaajiri rubani mwanamke. Yaani binti anajua kurusha ndege kuliko wanaume wengi wa rika lake halafu kila anapobisha hapafunguliwi, akaishia kuajiriwa Eastern Airlines kama karani, zamu ya usiku, mchana anaenda uwanjani kuruka.

Sasa sarakasi za angani zilikujaje? Kulikuwa na onyesho la ndege la kuchangisha pesa, akajifunza kupiga mviringo na kubiringisha ndege kwa ajili ya siku hiyo, basi ikawa imetoka hapo. Akanunua ndege ya zamani ya mabawa mawili, Great Lakes ya mwaka 1929, ndege yenye umri kumkaribia yeye mwenyewe, akaanza kuzunguka nayo kwenye maonyesho. Mwaka 1948 akashinda ubingwa wa wanawake wa sarakasi za angani akiwa na hiyo hiyo Great Lakes, na mwaka huohuo ndo akainunua hii Pitts. Akachukua ubingwa tena 1949, akachukua 1950.

Ukisimama chini yake utashangaa udogo wake. Kama kilo 250 tu, injini ya nguvu za farasi 85, mabawa kutoka ncha hadi ncha ni mita 5 na kidogo. Sikiliza alichokuwa anafanya nayo: wanafunga utepe kati ya nguzo mbili, kama mita 3 kutoka ardhini, anakuja amepindua ndege, kichwa chini, anaukata kwa propela. Mita tatu jamani, na mwanamke wa kwanza kufanya hivyo ni yeye. Ndege ikiwa imepinduliwa usukani unakuwa kinyume, ukitaka kupanda unasukuma fimbo mbele badala ya kuvuta, kwahiyo ukishtuka mkono ukafanya ulichozoea miaka yote, umekwisha. Alikuwa pia anaruka na kambwa kake kadogo aina ya chihuahua, Little Tinker, na kalishonewa parachuti yake inayofanya kazi kweli.

Mi nawapongeza sana waliofanya uamuzi wa kuiweka pale mlangoni na kuigeuza vile. Wangeweza kuiweka kona moja na matairi yake chini kama nyingine, ingeonekana kitoto mbele ya mandege ya kivita. Pale ilipo ni kitu cha kwanza anachokiona kila binti anayeingia, na anaiona ikiwa kwenye mkao iliofanyia kazi. Betty mwenyewe aliitoa kwa Smithsonian mwaka 1985, mafundi wakaja kuirudisha kwenye hali yake, akafariki 2011.

Nilienda na binti wa dada yangu, yuko hai skuli, na hapo nataka niseme kuhusu huduma maana hii ni rivyuu. Wale wazee wa kujitolea wanaotembeza watu, wengi wao ni watu wa ndege kabisa, usipite bila kuongea nao, na ziara zao ni bure. Binti akaniuliza, mama mdogo, sasa huyo rubani akishapinduka pinduka anajuaje chini ni wapi? Nikamwambia muulize babu pale. Yule mzee akaacha kila kitu, akanyoosha mikono kama mabawa, akamwonyesha kwamba rubani wa sarakasi akipanda wima haangalii mbele, mbele kuna bluu tupu, anageuza kichwa anaangalia ncha ya bawa inavyokaa na mstari wa upeo. Akamweleza polepole, bila kumdharau, bila kuongea na mimi badala ya mtoto.

Na akatueleza tofauti ya onyesho na mashindano, kitu ambacho naona wengi hatukijui. Kwenye mashindano hakuna moshi wala muziki. Kuna boksi hewani, la kufikirika, kilomita moja kwa kila upande, unatakiwa ufanye kila kitu ndani yake. Majaji wako chini wamekaa kwenye viti, kila umbo linaanza na alama 10, kila ukikosea pembe wanakata, nyuzi 5 ni nusu alama. Mpangilio wa maumbo unaandikwa kwa michoro aliyoibuni Mhispania José Luis Aresti, mistari na mishale, rubani anaibandika mbele yake akiruka anaisoma. Kuna programu unayoijua tangu mapema, kuna unayoitunga mwenyewe, halafu kuna ile isiyojulikana, unapewa karatasi na huruhusiwi kuifanyia mazoezi hewani, unaifanyia mazoezi chini kwa miguu, ndo maana ukienda kwenye mashindano utakuta watu wazima wanatembea kwenye nyasi wamefumba macho wanazungusha viganja. Na mwili unalipa. Mtu wa kilo 60 akivuta ji 6, yaani mara sita ya mvuto wa kawaida wa dunia, anakuwa na uzito wa kilo 360, damu inakimbilia miguuni, asipokaza misuli anazima. Akisukuma upande wa pili damu inapanda kichwani.

Nayasema haya kwa sababu Betty alishindana kwenye kundi la wanawake, halafu akaachana na sarakasi 1951 hata miaka 26 hajafika. Kitu ambacho hakukipata, ubingwa wa kushindana pamoja na wanaume, kilikuja kuchukuliwa na mwingine miaka arobaini baadaye. Patty Wagstaff alianza kurusha ndege Alaska, mtu mzima tayari, baba yake alikuwa kapteni wa Japan Air Lines lakini yeye hakulelewa kwenye sarakasi. Ndani ya miaka michache tu, mwaka 1985, akaingia timu ya taifa ya Marekani, na 1991 akawa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa Marekani wa sarakasi za angani, na hapo wanaume na wanawake wanapimwa na majaji walewale kwa alama zilezile. Akarudia 1992. Akarudia 1993. Hakuna cha kusema alibahatisha.

Na kule kwetu Afrika Mashariki Patty si mgeni, hiki ndo nilichomwambia yule mzee na mwenyewe akafurahi. Tangu 2001 amekuwa akienda Kenya kuwafundisha marubani wa KWS, shirika la wanyamapori. Fikirieni kazi ya wale jamaa, wanaruka chini sana, polepole, wanazunguka kwa kona kali juu ya tembo au wakitafuta majangili, macho yako ardhini, na ndege ndogo ikipungua mwendo kwenye kona kali inaweza kukosa nguvu ya kuelea ikaanza kujizungusha kuelekea chini, na kwa urefu ule huna muda wa kufikiri. Rubani ambaye ameshapinduliwa makusudi juu kwa juu na akafundishwa kujitoa, mkono wake unajua cha kufanya. Kwahiyo anayedhani sarakasi ni mchezo wa matajiri tu akaangalie Tsavo kule hao marubani wanafanya nini. Kwa maoni yangu hili lilistahili ukuta mzima kwenye makumbusho yoyote ya ndege duniani, na ningependa sana siku moja niusome Nairobi pia.

Haya, mambo ya kujua mkienda. Kuingia ni bure, hakuna cha kukata tiketi ya muda kama jengo la mjini. Paking dola 15, ila ukifika baada ya saa kumi jioni hulipi, lakini wanafunga saa 11 na nusu kwahiyo itakuwa mbio mbio, mi nashauri mlipe tu muende asubuhi, wanafungua saa nne. Siku zote wako wazi isipokuwa Krismasi. Kwa treni mnachukua Silver Line halafu basi, inawezekana ila ukiwa na watoto wadogo gari ni bora. Vaeni viatu vya kutembelea, sakafu ni zege na eneo ni refu.

Mkishamaliza na Betty pandeni zile njia za juu, maana ndege nyingi za sarakasi zimetundikwa na ukiwa chini unaona matumbo tu. Tafuteni Laser 200 ya Leo Loudenslager, bingwa wa dunia wa 1980, muone ilivyo tofauti na ile Pitts, bawa moja, nyembamba. Halafu malizieni mnara wa kuangalia Dulles, mtaona ndege kubwa zinatua. Ile ndege ya Patty, Extra 260, aliyoshindia 1991 na 1992 nayo ni mali ya Smithsonian, ila ndege za makumbusho huwa zinahamishwa, ingieni tovuti yao muangalie iko jengo gani kabla hamjafunga safari, na kama iko mjini basi pangeni siku mbili tofauti, msijaribu kubananisha majengo yote mawili siku moja.