Brutus au Antony: uanze na hotuba ipi darasani?

Kwa kufundisha uchambuzi wa hoja, mimi hutumia hotuba mbili za mazishi ya Kaizari, mtawala wa Roma, katika tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, ni rahisi kuchambua. Anaomba aaminiwe kwa heshima yake, anadai Kaizari alikuwa na tamaa ya makuu, basi. Ushahidi hatoi, na wanafunzi huliona pengo hilo mapema.

Antony, rafiki wa Kaizari, ndiye mtihani. Ana hoja ya kweli: Kaizari alikataa taji mara tatu. Lakini anaichanganya na joho lililotobolewa kwa visu, machozi, na wosia wa Kaizari wa drakma 75 (sarafu za kale) kwa kila raia. Tena kila akirudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima, sifa inageuka shutuma. Wanafunzi wapige mstari: hapa hoja, hapa hisia. Hubishana sana!

Naanza na Brutus. Antony nampa vipindi viwili.